Mpangaji Aliyehamisha Herufi

Kabla ya kugusa kitu chochote, mpangaji wetu alikuwa na mazoea ya kuuliza swali moja: "Nani anaegemea hapa?" Aliliuliza kuhusu programu za kompyuta, ambazo ndizo zilizokuwa kazi yake, na aliliuliza vilevile kuhusu ukuta wa uani, kamba ya kuanikia nguo, na kigogo cha mnazi kilichokuwa kimelala nyuma ya choo tangu mimi sijaolewa. Mama alitaka kigogo kile kipasuliwe kuni. Mpangaji akamwambia, "Tungoje kwanza, Mama. Tuone nani anaegemea." Tukangoja. Ikaja kubainika kwamba kuku wa jirani walikuwa wakitagia chini yake, na jirani mwenyewe, mama mmoja mjane, alikuwa akipita kuokota mayai asubuhi kabla hatujafungua milango. Kigogo kikabaki pale. Kuni tukanunua.

Hapo Munje, kijijini kwetu, watu wote walimwita Mpangaji, kana kwamba hapakuwa na mpangaji mwingine pwani nzima. Jina alikuwa nalo, na alilisema siku ya kwanza, lakini halikushika. Alikaa kwenye chumba cha uani cha nyumba ya mama yangu kwa miaka, akala nasi, akaugua malaria mikononi mwetu, akazoea pilipili, na bado alikuwa Mpangaji.

Alikuja na Kiswahili cha bara. Asubuhi ya kwanza alimkuta Mama kibarazani anamenya muhogo, akamwambia, "Sasa, Mama?" Mama akaendelea na muhogo wake. Asubuhi ya pili hali ikawa ileile. Baadaye akanifuata mimi, akaniuliza kwa sauti ya chini amekosea wapi.

"Hujamwamkia," nikamwambia.

"Nimemsalimia kila siku."

"Umemsemesha. Hujamwamkia."

Kesho yake akasema shikamoo, na Mama akaitikia marahaba kwa uchangamfu kama mtu aliyekuwa hakumwona kabla ya siku ile. Tangu hapo Mpangaji akavuka mpaka upande wa pili. Alimwamkia kila mtu: wauza samaki, wanafunzi wa sekondari, hata mkwezi wetu ambaye alikuwa mdogo kwake, mpaka mkwezi akadhani anafanyiwa mzaha. Ndivyo alivyokuwa. Jambo akishaambiwa ni la lazima, alilifanya kila mahali, lisije likaachwa mahali linapohitajika.

Kazi yake niliielewa mapema kuliko watu wengine wa nyumbani kwa sababu ya kazi yangu mwenyewe. Nina duka la kuchapa na kutoa nakala Msambweni, kando ya barabara ya hospitali. Mtu huandika barua yake vizuri kwingine, akaileta kwangu kwenye flashi, na nikiifungua inakuwa barua nyingine: herufi zimenenepa, mistari imevunjika, sahihi imerukia ukurasa wa pili. Mteja hunitazama mimi kana kwamba ndimi niliyeiharibu. Nilimlalamikia Mpangaji, na akafurahi kama mtu aliyesikia habari za nyumbani kwao.

Akanieleza kwamba ndani ya kompyuta mna programu ndogo ambayo watu hawaijui. Hati ikisema, "Niandike kwa fonti fulani," yaani kwa umbo fulani la herufi, na fonti hiyo haimo, programu hiyo ndogo ndiyo inayopekua zilizomo na kuchagua inayokaribiana nayo. Ikichagua vizuri, hapana anayejua kwamba imechagua. Ikichagua vibaya, unapata barua iliyonenepa, au vile visanduku vitupu mahali pa herufi. Programu hiyo ilikuwa imeandikwa na watu wengine, zamani, kwa lugha ya kompyuta ya zamani. Mpangaji na wenzake wawili walikuwa wakiiandika upya yote kwa lugha nyingine, iliyo salama zaidi.

"Salama vipi?" Mama aliuliza. Alikuwa amekaa karibu, anachambua mchele.

Mpangaji akafikiri. Kisha akamwambia kwamba programu huazima nafasi ndani ya kumbukumbu ya kompyuta kama mtu anavyopanga chumba. Katika lugha ile ya zamani, mpangaji anaweza kurudisha ufunguo huku amejichongea mwingine, na baada ya mwezi akaingia usiku akidhani chumba bado ni chake, kumbe mna watu wengine na vitanda vyao. Hapo ndipo programu zinapoanguka, na ndipo wezi wanapopitia. Lugha mpya haikubali programu ianze kazi mpaka ijulikane kila ufunguo uko kwa nani.

Mama, aliyekuwa amewahi kupata mpangaji wa namna hiyohiyo, akatikisa kichwa. "Hiyo lugha imetungwa na mtu mwenye nyumba," akasema.

Cha kuchekesha ni kwamba mtu huyuhuyu hakuweza kukaa na ufunguo wa chumba chake. Aliuacha Bodo, kijiji cha jirani, alikokwenda kula kaa. Aliuangusha mchangani. Aliufungia ndani. Mwishowe Mama akaufunga ufunguo wa akiba kwenye pindo la leso yake, na ikawa mtu mzima yule, aliyekuwa akilinda kompyuta za watu asiowajua, anabisha kwa mwenye nyumba kuomba aingie kulala.

Wenzake hao wawili hakuwahi kuonana nao. Mmoja alikaa nchi ya baridi, na wa pili hata nchi yake hakuijua. Waliandikiana tu. Na kwa maandishi Mpangaji alikuwa mtu mwingine. Kwa mdomo alikuwa mpole hata akashindwa kumkatalia muuza viazi karai anayempunjia ukwaju. Kwa maandishi alikuwa mkavu. Umeme ulipokatika nyumbani alikuwa akija dukani kwangu, na siku moja nikaona kwenye skrini yake mtu ameandika maelezo marefu ya kutaka jambo fulani libadilishwe, na chini yake Mpangaji amejibu: "Hapana."

"Hata salamu?" nikamuuliza.

"Nikiongeza neno, atajibu lile neno," akasema. "Nataka ajibu hapana."

Sheria yake kubwa ilikuwa kwamba programu mpya ifanye kila kitu sawasawa na ya zamani, pamoja na makosa. Hili ndilo lililonitatiza zaidi. Nilidhani mtu akijenga upya anarekebisha. Yeye alisema wakati wa kuhama si wakati wa kuchagua vyombo. Unahamisha vyote, pamoja na sufuria iliyotoboka, kwa sababu hujui nani ndani ya nyumba ameizoea. Ukishatulia kwenye nyumba mpya, ndipo unapoanza kutupa, kimoja kimoja, mchana, watu wakiona.

Kwa sheria hiyo ndipo yeye na Mama walipokosana.

Mama alifundisha darasa la kwanza maisha yake yote. Alipostaafu alianza kuandika kitabu cha kusomea cha Chidigo, lugha ya kwetu, cha watoto wadogo, kwa kuwa aliona watoto wa Munje wanajifunza kusoma kwa lugha za wengine kabla ya yao. Chidigo kina herufi moja ambayo Kiswahili hakina: v yenye mstari chini yake. Si pambo. Bila ule mstari ni sauti nyingine, na neno linapotea. Mama aliandika kitabu chote kwa mkono, mimi nikakipiga kwenye kompyuta ya dukani, na tulipokichapa tukakuta mistari yote imehama. Badala ya kukaa chini ya v ilikaa pembeni, juu ya herufi iliyofuata au katikati ya nafasi tupu. Kwenye simu za watu ilikuwa mbaya zaidi. Palitokea visanduku.

Mama akampelekea Mpangaji karatasi zile bila wasiwasi, kama unavyompelekea fundi aliye ndani ya nyumba yako bawaba iliyolegea. Mpangaji akatazama, na mara moja akajua. Programu ya zamani ilikuwa ikichukua v kutoka fonti moja, na mstari, kwa kuwa fonti ile haina, ikauchukua kutoka fonti nyingine. Vipande viwili visivyojuana.

"Basi itengeneze," Mama akasema.

"Nitaitengeneza, Mama. Lakini si sasa. Tukishahama."

"Mtahama lini?"

"Sijui. Mwaka huu, pengine mwaka ujao."

"Na wewe ndiye unayeiandika hiyo programu?"

"Mimi na wenzangu."

"Na kosa umeliona?"

"Nimeliona."

"Na unaliandika tena hivyohivyo, kwa mkono wako, ukijua ni kosa?"

Mpangaji akasema ndiyo. Mama akazikusanya karatasi zake, akaingia ndani.

Hakumfukuza wala hakumnyima chakula. Alimwitikia shikamoo zake. Ila aliacha kumuuliza maswali, na kwa Mama hiyo ndiyo ilikuwa adhabu, maana maswali yake ndiyo yaliyokuwa mazungumzo. Jioni zikawa za kimya. Mpangaji alikula akitazama sahani yake. Nilimwonea huruma, na pia nilimkasirikia. Ilionekana kwangu kwamba mtu anayejali wageni wa mbali kiasi kile hangeshindwa kumjali bibi anayempikia.

Sijui alipigana na nafsi yake kwa muda gani. Najua tu kwamba siku moja alikuja dukani akiwa mchangamfu, akaniambia nichape ukurasa wowote wa kitabu. Alikuwa ameweka toleo jipya kwenye kompyuta yangu. Nikachapa. Kila mstari ulikaa chini ya v yake, umenyooka. Nikaupeleka ukurasa ule nyumbani nikiwa nimeushika kwa ncha za vidole usije ukaingia jasho.

Mama akavaa miwani. Akausoma wote, kwa sauti, kama anayesomea darasa. Kisha akamwita Mpangaji na kumuuliza kama anapenda papa mkavu, swali ambalo jibu lake alilijua. Basi amani ikarudi.

Haikukaa. Toleo lile lilikuwa limetumwa pia kwa watu wa kujaribu, katika nchi mbalimbali, na baada ya muda mfupi malalamiko yakaanza kuingia. Kulikuwa na watu wa mahali fulani mbali sana wanaoandika lugha yao kwa herufi zenye nukta chini. Wao miaka yote walikuwa wameizoea ile hitilafu. Walikuwa wamepanga vitabu vyao vya shule kwa kuifuata, wakisogeza kila kitu mpaka kikae sawa. Sasa programu ilipoanza kuchagua fonti nyingine, vitabu vyao vilivurugika: maneno yalinenepa, kurasa zikafurika, picha ya mbuzi ikawa kando ya neno la ng'ombe. Yule mwenzake wa nchi ya baridi alimwandikia Mpangaji akimuuliza badiliko hili limeingiaje wakati wa kuhama, na nani aliliruhusu. Aliyeliruhusu alikuwa yeye mwenyewe. Alilichanganya na kazi nyingine, kimyakimya, bila kuwauliza wenzake.

Alinionyesha barua ile. Uso wake ulikuwa umesinyaa. "Nimefanya jambo ambalo ningemkatalia mtu yeyote," akasema.

Nilimwambia asiseme neno kwa Mama. Tungeweza kuliacha toleo lile kwenye kompyuta yangu peke yake, tukachapa kitabu, naye akarudisha la zamani kwa watu wengine. Alisema hilo linawezekana, lakini kitabu kingekuwa sawa dukani kwangu tu, na kila mtoto ambaye angekifungua kwenye simu angekuta visanduku. Na pia, akasema, Mama ana haki ya kujua.

Alimwambia alasiri, kibarazani, akiwa amekaa chini kwenye mkeka ingawa kiti kilikuwepo. Alimweleza yote: alichokifanya, kwa nini, na kilichowapata wale wengine. Hakujitetea. Mama alisikiliza akiwa ameweka mikono mapajani.

"Hao watoto wa huko," akasema hatimaye, "ni wa darasa gani?"

"Sijui, Mama. Ni wadogo. Ni vitabu vya kuanzia."

"Vimekwisha kuchapwa?"

"Baadhi. Vingine wamesimamisha."

"Rudisha," akasema.

"Mama, kitabu chako..."

"Nimekusikia. Mimi nimefundisha darasa la kwanza. Mtoto akifungua kitabu akakuta mbuzi ameandikwa ng'ombe, hakiamini tena hicho kitabu. Warudishie. Mimi nitangoja."

Akarudisha siku ileile. Lakini Mama hakungoja kwa namna aliyoielewa Mpangaji. Wiki iliyofuata aliniagiza nichape kitabu chake na v tupu, zisizo na mistari, na nakala zilipofika nyumbani akatandika mkeka, akaleta kalamu nyeusi za wino na rula fupi, akaanza kuchora mistari mwenyewe, kitabu kimoja baada ya kingine. Nilikaa nikamsaidia. Mpangaji alitoka chumbani, akasimama mlangoni kwa muda mrefu, kisha akaja akachukua kalamu.

Alasiri nyingi tulikaa hivyo. Yeye alikuwa mbaya sana wa rula. Mistari yake ilipinda, na Mama alimrudishia kurasa kama alivyokuwa akiwarudishia wanafunzi, bila maneno, kidole kikiwa juu ya kosa. Katika alasiri hizo ndipo Mama alipoanza tena kumuuliza maswali, na katika moja ya maswali hayo ndipo lilipopatikana jibu.

"Hiyo programu yako," Mama alisema, "ikipewa ukurasa, inajua ni lugha gani?"

"Ikiambiwa, inajua. Hati inaweza kujitaja: mimi ni Kiswahili, mimi ni Kiarabu. Kila lugha imeandikiwa herufi inazozihitaji."

"Na Chidigo?"

Mpangaji aliacha kuchora. "Chidigo hakimo," akasema. "Hakijaandikiwa."

Hapo akaelewa, na akatueleza. Hakukuwa na haja ya kubadilisha jinsi programu inavyowachagulia watu wote. Ilihitaji kuambiwa tu kwamba kuna lugha inaitwa Chidigo na kwamba haiandikiki bila herufi hizi. Hati ikijitaja kuwa ni ya Chidigo, programu itatafuta fonti yenye herufi zote pamoja. Wale wa mbali wasingeguswa. "Lakini lazima mtu aniambie ni herufi zipi," akasema. "Zote. Pasipungue hata moja, wala isizidi."

Sijawahi kumwona Mama akilichukulia swali kwa uzito kama alivyolichukulia lile. Hakujibu papo hapo ingawa angeweza. Alikwenda kwa walimu wenzake waliostaafu, alikwenda kwa mzee mmoja wa Msambweni aliyewahi kutafsiri maandiko, wakabishana kuhusu herufi ambazo huingia tu kwa maneno ya kuazima. Aliporudi alimwambia Mpangaji akae, akamtajia, herufi baada ya herufi, na Mpangaji akazipiga kwenye kompyuta, akizirudia kwa sauti kama mwanafunzi.

Yeye na wenzake walihamia programu mpya mwaka uliofuata. Chidigo kiliingia baada ya hapo, peke yake, mchana, wenzake wote wakiwa wameulizwa. Haikutokea sherehe. Kompyuta na simu za watu zilijisasisha zenyewe huko zilikokuwa, na siku moja Mama alipata ujumbe kwenye simu kutoka kwa Mpangaji, aliyekuwa chumbani kwake hatua chache tu kutoka pale. Ulikuwa wa Chidigo, wa kumjulia hali, na haukuwa na kisanduku hata kimoja. Mama aliusoma, akanionyesha, kisha akaniambia nimwambie kwamba sarufi yake haiko sawa.

Mpangaji aliondoka kwetu alipooa. Mkewe ni muuguzi, akahamishiwa Kwale, mji wa kilimani, na wakapanda huko wote wawili. Kwa muda alikuwa akipiga simu. Baadaye simu zikapungua, kama inavyokuwa.

Nilikutana naye mwaka huu. Nilikuwa nimekwenda Kwale kwa ajili ya leseni ya duka, na nilipotoka ofisini nikamwona amekaa kwenye benchi la nje anasubiri zamu yake, mvi zimemwingia kidevuni. Alisimama haraka sana. Tulikwenda kunywa chai mahali palipokuwa mbele ya ofisi, tukaagiza mbaazi na mahamri, na nikamuuliza kuhusu ile programu.

"Sipo tena," akasema. "Wameichukua vijana. Sehemu yangu yote wameifuta, wakaandika upya."

Nikamuuliza kama aliumia.

"Siku ya kwanza, ndiyo. Niliisoma nikitafuta makosa." Akakata hamri. "Ni nzuri kuliko yangu. Ni fupi, na inaeleweka. Nilikasirika zaidi kwa hilo."

"Na Chidigo?"

"Kimo. Nilikitazama kabla ya kitu kingine chochote."

Kisha akaniuliza habari za Mama, nami nikamwambia ukweli, kwamba macho yamekwisha. Anaona mwanga na vivuli, lakini herufi haoni tena, hata zikikuzwa vipi. Mpangaji aliweka kikombe chini.

"Anasomewa?" akauliza.

"Anasomewa. Watoto wa mtaani huja baada ya shule, na kitabu chake. Kwenye simu, wengine. Wanagombania zamu."

"Wanasoma vizuri?"

"Wanakosea sana. Anawasimamisha kila neno."

Akacheka kidogo. "Hakuna hata mmoja asiyekosea?"

"Yupo mmoja," nikamwambia, "msichana wa darasa la pili, mjukuu wa yule jirani wa mayai. Huyo, Mama hamsimamishi. Hulala chali kwenye mkeka, akaweka mkono juu ya macho, akamwacha asome mpaka mwisho."

Nje, karani alikuwa ameanza kuita majina ya waliokuwa kwenye benchi, na nikasikia akiita lake, lile ambalo hatukuwahi kulitumia. Nikamwambia anaitwa. Akaniambia nimweleze tena huyo msichana, polepole, anasomaje.